Mkoko, msinzi au mkandaa? Hesabu meno ya ua

Ukiingia mikokoni, iwe Gazi, Chwaka au delta ya Rufiji, usianze na majani. Tafuta ua, au tunda ambalo bado lina kikombe chake, yaani ganda la nje lililoshika ua, uhesabu meno ya kikombe hicho. Manne ni mkoko, Rhizophora mucronata. Matano ni mkandaa, Ceriops tagal. Yakifika kumi au zaidi, na mara nyingi kikombe chenyewe ni chekundu, huo ni msinzi, ambao wengine huuita muia. Miti hii mitatu ni ya ukoo mmoja na yote huotesha mbegu zikiwa bado tawini, ndiyo maana watu huichanganya.

Maua hakuna? Geuza jani. La mkoko lina vidoadoa vyeusi upande wa chini na kincha kikali mwishoni. La mkandaa limeishia butu. Mche unaoning'inia wa mkoko ni mrefu wenye vipele, wa msinzi ni mnene na laini, wa mkandaa ni mwembamba wenye mifuo. Mizizi nayo husaidia, ingawa kwa miti michanga mimi siiamini sana.

Jihadhari na kikandaa kule juu maji yanakofika kwa nadra. Kwa mbali utadhani ni mkandaa, lakini si wa ukoo huo: majani yake hupishana kwenye tawi, wakati ya mkandaa hukaa mawili mawili yakitazamana.