Klorini itaiua dawa kabla kuku hajainywa

Wafugaji wa Kisauni na Likoni mnaniuliza sana kuhusu bakteriofaji (kwa kifupi faji), vile virusi vinavyoua bakteria, maana antibiotiki ya tetrasaiklini imezoeleka bandani hata bakteria wa salmonela hawashtuki. Jambo lenyewe si geni. Félix d'Hérelle alizijaribu kwa kuku wenye taifodi Ufaransa mwaka 1919, na watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi, wamekuwa wakizichunguza dhidi ya salmonela ya kuku. Ila nikitazama mnavyochanganya chanjo ya Newcastle (kideri), najua faji nazo mtaziulia ndooni.

Kosa ni maji. Mnachota kisimani, mnatia kidonge cha klorini, kisha dawa humo humo. Klorini haichagui: inaua virusi vya chanjo, inaua na faji. Wengine huongeza siki au ndimu, nayo asidi kali pia huziharibu. Halafu mtu analalamika kauziwa dawa bandia!

Siku ya dawa tumia maji yasiyotiwa kitu. Kama ni ya mfereji, yenye klorini tayari, tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta ili kuizima, gramu 2.5 kwa kila lita, koroga, subiri dakika 30, ndipo utie dawa. Dakika 30, si tano. Vyombo visuguliwe kwa maji matupu. Ukivisuuza kwa Jik, nayo ni klorini, umerudi pale pale.

Kipimo cha maji ni kile cha chanjo: lita 1 kwa kuku 1,000 kwa kila siku ya umri. Kuku 200 wa siku 20 wanataka lita 4, yaani gramu 10 za maziwa. Wewe unajaza mtungi wa lita 20 wa nini? Yatabaki, jua liyachemshe, na joto na mwanga wa jua ni adui wa faji. Wanyime maji saa moja tu, alfajiri. Kaskazi ya hapa haitaki zaidi. Maji ya dawa yaishe ndani ya saa mbili, kivulini. Chupa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande.

Faji ya salmonela haigusi bakteria wengine, kwa hiyo kwanza peleka kuku aliyekufa maabara ya mifugo Mariakani, na dawa itoke kwa daktari wa mifugo, si kwa jirani. Ikifaulu, vifo hupungua na kuku hurudi kwenye chakula.

Na kama chanjo ya mwezi uliopita ulitia kwenye maji ya klorini, hesabu kuku hawajachanjwa, rudia.