Kulaza Bomba Bila Kuharibu Shamba la Mtu: Maelekezo ya Fomeni wa Tabora

Nilijifunza kazi hii kwenye shamba la mama mmoja nje kidogo ya Nzega. Tulipita pale mwezi wa Septemba, tukachimba mtaro, tukalaza bomba la maji, tukafukia na kusawazisha. Mkandarasi alilipwa, na mimi nikapandishwa kuwa msaidizi wa fomeni. Februari nilirudi kukagua vali. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani, lakini katikati ya shamba ulipita mstari wa njano, upana wa mtaro wetu na zaidi, na humo mahindi yaliishia magotini. Mama alinipokea vizuri. "Mwangaluka, mwanangu," akanipa kigoda, kisha akanionyesha ule mstari na kuniuliza tulizika nini pale chini.

Tulikuwa tumezika udongo wake mzuri. Ule wa chini, mwekundu usio na rutuba, ndio tuliouacha juu. Msimu uliofuata nao mstari ulionekana vilevile.

Tangu hapo nimekuwa nikiihesabu kazi ya bomba kuanzia mezani kwa mhandisi mpaka siku bomba hilo litakapong'olewa. Nawaandikia mafomeni wanaoanza, na pia viongozi wa jumuiya za watumia maji vijijini, kwa sababu mkandarasi akishaondoka ninyi ndio mnaobaki na mtaro.

Kwenye mchoro

Ukipewa mchoro, tembea njia yote kwa miguu kabla haujasainiwa. Nenda na mtendaji wa kijiji na mzee mmoja anayeijua ardhi. Mchoro wa kompyuta hauonyeshi kaburi wala mti wenye mizinga. Kwetu wafugaji wa nyuki hutundika mizinga ya magome na ya magogo kwenye miyombo, na ukikata mti mkubwa wa mtundu au mninga umeondoa chakula cha nyuki kwa miaka mingi. Mara nyingi kuhamisha njia mita 10 kunatosha kuuokoa mti. Fuata hifadhi ya barabara kila inapowezekana, kwa kibali cha mwenye barabara, maana pale miti imeshakatwa tayari.

Uliza pia kipenyo. Fomeni wengi huona hilo halituhusu, lakini linatuhusu. Kwa kiasi kilekile cha maji, bomba la milimita 200 lina msuguano kama robo tu ya ule wa bomba la milimita 150. Pampu inayosukuma maji kwenye bomba jembamba inakula umeme au dizeli zaidi kila siku, kwa miaka 20 au 30. Bomba pana ni ghali dukani, kwa hiyo mwombe mhandisi apige hesabu ya miaka yote hiyo badala ya bei ya kununulia peke yake.

Karatasi zinazotakiwa ni hizi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi ya aina fulani ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na cheti chake hupitia NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Tathmini hiyo huzaa mpango wa usimamizi wa mazingira. Omba nakala ya Kiswahili, au kaa na mtu akufafanulie ukurasa kwa ukurasa, kisha uhakikishe kila kilichoahidiwa humo kina fedha kwenye mchanganuo wa gharama. Ahadi ya kupanda miti isiyotengewa hata shilingi haitapandwa, na mwisho utaulizwa wewe.

Udongo wa juu

Hapa ndipo ninapowasumbua sana vijana wangu. Mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1.2 hutoa mita za ujazo 720 za udongo kwa kila kilomita. Katika hizo, kama 120 tu ndizo za udongo wa juu, ile sentimita 20 ya kwanza yenye mboji, mbegu na vijidudu vinavyolisha mimea. Hizo 120 ndizo shamba la mtu.

Kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kipite mara mbili. Mara ya kwanza kikwangue sentimita 20 na kuziweka upande wa kulia wa mtaro. Mara ya pili kichimbe mpaka chini na kuweka upande wa kushoto. Marundo hayo mawili yasikutane kabisa, hata pale nafasi inapobana. Dereva atalalamika kwamba unamchelewesha. Mweleze sababu, ukimpeleka kwenye shamba lililoharibiwa akaone kwa macho yake ni bora zaidi. Mimi huwapeleka.

Wakati wa kufukia, anza na mchanga au udongo laini kuzunguka bomba, kisha rudisha udongo wa chini kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka ishindiliwe. Tabaka nene haishindiliki chini, na mvua za kwanza zikija mtaro unadidimia na kugeuka mfereji. Udongo wa juu uje mwisho, usishindiliwe, na uachwe umenyanyuka kidogo maana utashuka wenyewe. Kwenye mteremko weka matuta ya kukinga maji kukatisha njia ya bomba, la sivyo mvua yote ya mlimani itafuata mtaro wako.

Mbugani, kule kwenye majaruba ya mpunga, udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Chimba kati ya Juni na Oktoba tu. Niliwahi kulazimishwa na ratiba kuchimba mbugani Desemba. Kijiko kilizama, tukakata miti ya kukitegemezea, na jaruba tatu za watu zikapoteza kingo zake. Sikubali tena, na nimeshawaandikia wasimamizi barua mara mbili kukataa.

Usiache wazi mtaro zaidi ya unaoweza kuufukia siku hiyohiyo. Ikishindikana, weka uzio na njia za mteremko za mifugo kutokea. Ndama akitumbukia usiku, asubuhi utamkuta amekufa.

Maji ya kupimia presha na klorini

Jambo hili husahaulika kwa sababu hutokea mwishoni, watu wakiwa wamechoka. Ili kupima kama bomba linavuja, unalijaza maji, na kilomita moja ya bomba la milimita 200 hujaa lita kama 31,400. Maji hayo yatatoka wapi? Ukiyavuta mtoni au bwawani unahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, na kwa sehemu kubwa ya Tabora hiyo ni ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Usiyavute mwishoni mwa kiangazi kwenye kidimbwi ambacho kijiji kinanyweshea ng'ombe. Pima kipande kimoja, kisha sukuma maji yaleyale kipande kinachofuata. Nimewahi kupima vipande vinne kwa ujazo mmoja.

Kisha huja kusafisha bomba kwa klorini. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 50 kwa lita, maji yakae saa 24. Kwa lita zetu 31,400 hiyo ni klorini halisi ya kilo 1.6 hivi. Samaki hufa kwa klorini isiyofika hata miligramu moja kwa lita. Ukifungua vali ya kutolea maji kwenye korongo, umeua kila kilichomo mpaka mbali, na maji ya mito yetu mingi ya huku huishia Malagarasi na baadaye Ziwa Tanganyika.

Chimba bwawa dogo, tandika turubai la plastiki, toa maji humo na yaache juani siku kadhaa, au yatibu kwa thiosulfeti ya sodiamu, dawa inayoondoa klorini. Pima kwa kile kifaa cha vidonge vya rangi. Rangi ikijitokeza, klorini bado imo. Wakati wote huo weka mlinzi, watoto na ng'ombe wasiyafikie.

Dizeli na saruji

Kambi, mapipa na machimbo ya moramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea, vikae mbali na maji. Sheria ileile ya 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na mimi naongeza zaidi panapokuwa na kisima. Pipa la lita 200 likae ndani ya beseni la zege linaloweza kushika lita 220. Maji ya kuoshea mashine ya zege ni makali, huunguza ngozi na mimea, kwa hiyo yaende kwenye shimo lililotandikwa plastiki. Machimbo ya moramu yasawazishwe kingo kabla hujaondoa greda. Shimo lenye kuta wima hujaa mvua, na watoto huogelea humo.

Baada ya kukabidhi

Rudi mara tatu: baada ya mvua kubwa ya kwanza, wakati wa mavuno, na mwaka unaofuata. Kama mkataba hautaji hizo safari, omba ziingizwe kwenye kipindi cha uangalizi wa kasoro, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kilichoharibika. Kwenye mvua unatafuta palipodidimia. Wakati wa mavuno unatafuta ule mstari wa njano. Ukiuona, leta samadi, na ukubaliane na mwenye shamba fidia ya mazao mbele ya mtendaji.

Jumuiya ya maji nayo itembee njia ya bomba kila mwezi. Nyasi za kijani wakati wa kiangazi maana yake bomba linavuja. Michoro ya bomba kama lilivyolazwa, ikiwa na vipimo kutoka kwenye alama zisizohama, ibaki ofisi ya kijiji na nakala kwa mwenyekiti. Nimeshuhudia mafundi wa nguzo za umeme wakitoboa bomba la miaka miwili kwa sababu hakuna aliyejua limepita wapi.

Vya zamani vikitolewa

Mabomba ya zamani ya saruji yenye asbesto, ukiyakuta mazima ardhini na hayakuzuii, yaache na uyaandike kwenye mchoro. Ukilazimika kuyatoa, yalowanishe, usiyakate kwa mashine ya kusagia, maana vumbi lake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Vaa barakoa ya vumbi laini, funga vipande kwenye plastiki nene, na usimpe mtu ajengee banda.

Nguzo za umeme zinazoondolewa kwenye njia ya bomba, zile zilizotiwa dawa ya kijani, huwa na aseniki. Zikikatwa, kijiji chote kitaziomba kuni. Waeleze kwa upole kwamba moshi na majivu yake ni sumu, zihesabu, na usiondoke saiti mpaka gari la mwenye nguzo lije kuzichukua zote.