Praha, Dresden, Leipzig: namna ya kupanga safari ya matamasha ya muziki wa klasiki mwezi Mei na Juni

Majira ya kuchipua yanapoelekea ukingoni, miji mitatu ya Ulaya ya Kati iliyo kwenye njia moja ya reli hujaa muziki kwa wiki tano au sita hivi. Praha hadi Dresden ni mwendo wa treni wa saa mbili na nusu. Dresden hadi Leipzig ni kati ya saa moja na saa moja na nusu. Mtu anayetoka Nairobi au Dar es Salaam, au anayeishi Ulaya na amepata wiki ya likizo, anaweza kuisikia yote mitatu bila kupanda ndege ya ndani hata mara moja.

Wengi hukosea pale wanapoanza na tiketi ya ndege. Anza na kalenda ya muziki. Tamasha la Praha, Pražské jaro, lilianzishwa mwaka 1946. Hufunguliwa tarehe 12 Mei, siku aliyofariki mtunzi Bedřich Smetana mwaka 1884, na huendelea hadi mwanzoni mwa Juni. Tamasha la Dresden, Dresdner Musikfestspiele, huanza Mei na kuishia Juni. Bachfest ya Leipzig, tamasha la muziki wa mtunzi Johann Sebastian Bach, huwa Juni. Hii ina maana kwamba ufunguzi wa Praha na Bachfest haviwezi kuingia katika safari moja ya siku kumi, na hapo lazima uchague. Anayewapenda watunzi wa Kicheki, Smetana na Dvořák, aende katikati ya Mei, Praha kisha Dresden. Anayempenda Bach asubiri Juni: siku chache Dresden, kisha Leipzig. Jioni nne za muziki katika siku tisa zinatosha. Ukijaza kila usiku, kufikia siku ya tano utakuwa unasinzia ukumbini.

Programu hutangazwa miezi kadhaa kabla, nyingine tangu mwaka uliotangulia, na viti vizuri huondoka mapema. Nunua kwenye tovuti rasmi ya tamasha au ya ukumbi wenyewe. Angalia saa: kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwishoni mwa Machi, Praha na Leipzig ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, miezi mingine ni saa moja tu. Mauzo yakifunguliwa 10:00 (saa 4 asubuhi) ya Praha mwezi Novemba, Nairobi ni saa 6 mchana. Na ukisoma 20:00 kwenye tiketi, hiyo ni saa 2 usiku. 19:30 ni saa 1 na nusu jioni.

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda anahitaji viza ya Schengen. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Usiku ukilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Kwa hiyo hesabu usiku wako kabla ya kujaza fomu: nne Praha na tano Ujerumani ni ombi la Ujerumani, hata kama ndege inatua Praha. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, lakini usikae hadi mwisho, kwa sababu nafasi za miadi hujaa kuelekea kiangazi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na iende na siku zote za safari. Ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudishwi ukikataliwa.

Je, tiketi za muziki zinunuliwe kabla ya viza? Nunua moja tu, ya onyesho ambalo bila hilo safari haina maana kwako, na uiambatishe kwenye ombi kama ushahidi wa kusudi. Hoteli iwe ya kughairika bila gharama. Tiketi nyingine zisubiri viza itoke.

Sasa viti, ambapo pesa nyingi hupotea bure. Bei ya juu haimaanishi sauti bora. Ukumbi wa Smetana, ndani ya Obecní dům mjini Praha, ni mzuri ajabu kwa macho, lakini mwangwi wake ni mrefu. Orkestra kubwa ikipiga kwa nguvu, sauti huchanganyika. Chagua roshani ya mbele badala ya viti vya chini. Ukumbi wa Dvořák, ndani ya Rudolfinum, una sauti safi zaidi, ila roshani yake imezungukwa na nguzo: soma ramani ya viti, na kikiandikwa kuwa mwonekano umezuiwa, amini. Katika kanisa la Thomas mjini Leipzig, alikofanya kazi Bach kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750 na linapolala kaburi lake, waimbaji huwa juu kwenye roshani ya kinanda. Viti vingi vya chini havioni kitu. Hivyo ndivyo vya bei nafuu, na kwa muziki huu ni ununuzi mzuri kabisa, maana sauti hukushukia bila kizuizi. Benchi ni ngumu na kanisa lina ubaridi hata Juni. Beba sweta na kitu cha kukalia.

Ukifika Leipzig nje ya siku za Bachfest hujapoteza. Kanisani humo kwaya ya wavulana, Thomanerchor, huimba ibada ya muziki iitwayo Motette, Ijumaa saa 12 jioni na Jumamosi saa 9 alasiri, isipokuwa wakati wa likizo za shule au wakiwa safarini. Jumamosi mara nyingi kuna kantata ya Bach, yaani kazi ya kanisani ya waimbaji na orkestra. Kiingilio ni kidogo, hulipwa mlangoni. Uwe kwenye foleni dakika 45 kabla. Ni ibada, kwa hiyo hakuna makofi. Na ukitafuta Misa kuu ya Bach ambayo kwa desturi hufunga Bachfest, kwa Kiingereza huitwa Mass in B minor, lakini programu ya Kijerumani huiandika h-Moll-Messe; anayetafuta herufi B haioni.

Tamasha la Praha kwa desturi hufunguliwa kwa Má vlast ya Smetana, na mara nyingi onyesho hilo hurudiwa kesho yake. Tiketi za usiku wa pili ni rahisi kupatikana, na muziki ni uleule. Kazi hiyo ina vipande sita na huchukua dakika 75 hadi 80, mara nyingi bila mapumziko, hivyo aliyechelewa anaweza kukosa sehemu kubwa. Isikilize nyumbani mara mbili tatu. Kipande cha kwanza hufunguliwa na vinubi. Cha pili, Vltava, huanza na filimbi zinazokimbizana kama chemchemi mbili kabla ya kuwa mto. Viwili vya mwisho vimejengwa juu ya wimbo mmoja wa kale wa wapiganaji wa Kihus, wafuasi wa mhubiri wa Kicheki Jan Hus. Ukiushika wimbo huo, nusu saa ya mwisho haitakupotea. Makofi husubiri hadi mwisho kabisa, mikono ya kondakta ikishashuka. Simfoni nayo mara nyingi ina sehemu 4. Ukimya kati yake si mwisho.

Vaa nguo ya heshima. Suti nyeusi hufaa usiku wa ufunguzi. Kanzu safi au gauni la kitenge lililoshonwa vizuri linakubalika popote. Koti na begi kubwa huachwa garderoba, chumba cha kuhifadhia makoti, kwa hiyo uwe na sarafu, na Praha hutumia koruna, si euro. Katikati ya Praha utakutana na watu waliovaa mawigi na makoti ya karne ya 18 wakiuza tiketi za Mozart na Vivaldi. Hayo ni maonyesho ya watalii, hayamo katika tamasha. Wapite.

Kwenye treni ya kwenda Dresden kaa upande wa kulia. Utaufuata mto Vltava, utapita kando kabisa ya Nelahozeves alikozaliwa Dvořák mwaka 1841, kisha mto Labe (Elbe kwa Kijerumani) hadi Ujerumani. Panga kufika mji wa onyesho kabla ya saa 9 alasiri, kwa sababu treni za huko huchelewa na reli hufanyiwa matengenezo mara kwa mara. Kurudi, usirejee Praha: nunua ndege ya kuingilia Praha na kutokea Berlin, ambayo kutoka Leipzig ni treni ya saa moja na robo.