Somo: Mgonjwa kapata nafuu kweli ama ni namba tu zimecheza?

Asalam aleikum, hii ni ya sisi wa fizio na kliniki huku Malindi na Lamu tunaojaza zile fomu za maumivu 0 mpaka 10. Hamali wa jeti alikuja kiuno chamuuma 7, leo asema 5, watu washaandika "nafuu" na kumruhusu arudi kubeba magunia. Ebu ngojeni kwanza.

1. Pima vile vile kila mara. Ukimuuliza leo "sasa hivi yauma vipi" alafu mara ya pili "wiki hii ilikuwaje", hapo hakuna cha kulinganisha. Swali moja, maneno yale yale, na liwe limeandikwa kwenye fomu.

2. Jua namba zacheza kiasi gani zenyewe. Tafuta wagonjwa ambao hali zao ziko vile vile, wapime mara mbili ndani ya siku chache, upate uthabiti wa kipimo, ile ya 0 mpaka 1. Tuseme ni 0.84 na SD yenu (yaani namba za wagonjwa zatawanyika kiasi gani kutoka kwa avareji) ni 2. 1 toa 0.84 ni 0.16, kipeuo chake cha pili 0.4, mara 2 ni 0.8, hilo ndo kosa la kipimo. Kwa mgonjwa mmoja zidisha hiyo 0.8 na 1.96 (ya uhakika wa asilimia 95) alafu na 1.41 (kipeuo cha pili cha 2, kwani umempima mara mbili), yatoka kama 2.2. Manake yule hamali na 2 yake bado huwezi kuapa kwamba kuna kilichobadilika.

3. Muulize mwenyewe, na hapa ndo pana kazi. Jaeschke, Singer na Guyatt mwaka 1989 waliweka msingi kwamba mabadiliko yenye maana ni yale madogo kabisa ambayo mgonjwa mwenyewe ayaona yamemfaa. Sasa huku kwetu ukimuuliza mzee "waonaje hali?" atakwambia alhamdulillah, hata kama usiku kucha hakulala, kwa sababu amshukuru Mungu, hajibu fomu yako. Kwa hivo mpe machaguo: mbaya zaidi, vile vile, afadhali kidogo, afadhali sana. Na uliza vitu vya maisha yake, je wasujudu bila kushika ukuta, ngazi za nyumbani wapanda mpaka juu, kwenye dau waingia mwenyewe ama washikwa mkono. Alafu chukua wale wa "afadhali kidogo" peke yao, tafuta avareji ya namba zao zimeshuka kiasi gani, huo ndo mpaka wenu.

4. Angalia alipoanzia. Farrar na wenzake mwaka 2001 waliangalia wagonjwa 2,724 wa majaribio 10 ya dawa wakapata kwamba nafuu ya maana kwa mgonjwa ni kushuka kama pointi 2 ama asilimia 30. Kutoka 7 kuja 5 ni kama 29, kutoka 4 kuja 2 ni 50, si kitu kimoja.

MASWALI

Swali (Mokowe): Mwalimu, sisi wagonjwa wetu ni wachache, hatuwezi kupata hiyo avareji, twaweza kutumia nusu ya SD?
Jibu: Norman na wenzake 2003 waliona tafiti nyingi zaangukia karibu na hapo, basi itumie kwa muda tu. Lakini haijamuuliza mgonjwa kitu chochote, mimi singemruhusu mtu kwa hiyo peke yake.

Swali (Mambrui): Samahani dada, mpaka tuloupata kwa wagonjwa ni 1.5 lakini ile hesabu ya kosa la kipimo kwa mgonjwa mmoja yatupa 2.2, tushike ipi?
Jibu: Kwa mgonjwa mmoja shika 2.2, manake 1.5 yaweza kuwa kelele za kipimo tu. Na kwenye ripoti ya kliniki nzima msilinganishe avareji ya kundi na huo mpaka, andikeni wangapi walioufikia, kwani avareji ya 1 yaweza kuwa nusu ya watu wameshuka 2 na nusu hawakupata kitu.

Swali (Witu): Na akisahau mwanzo alikuwa vipi?
Jibu: Wasahau sana, hujibu kwa vile wanavyojiskia leo. Ndo maana siku ya kwanza muandikie kitu kimoja ambacho hawezi kufanya, kwa maneno yake mwenyewe, akirudi msomee alafu umuulize kuhusu hicho.