Kuchagua Zana za Kuchimba Mashimo ya Nguzo za Uzio

Wengi wanaotaka kuzungushia shamba uzio wa seng'enge huanza kwa kuulizia bei ya mashine, ilhali kinachoamua zana ifaayo ni udongo wenyewe. Kabla ya kununua au kukodi chochote, chimba mashimo machache ya majaribio, hasa kwenye kona, hadi kina cha sentimeta 60, kwa sababu ardhi iliyo laini juu huweza kuficha mwamba au changarawe iliyoshikamana. Hesabu pia mashimo: ekari moja yenye umbo la mraba ina mzunguko wa takriban mita 254, hivyo nguzo zikisimamishwa kila baada ya mita 3 yatahitajika mashimo yapatayo 85. Kwa maoni yangu, kazi ya kiasi hicho haihitaji mashine, isipokuwa muda umebana.

Zana ambazo karibu kila nyumba inazo, yaani jembe na beleshi, ndizo zisizofaa sana hapa. Mchimbaji hulazimika kupanua mdomo wa shimo ili apate nafasi ya kuinamia, na upana huo una gharama yake. Shimo lenye kipenyo cha sentimeta 20 na kina cha sentimeta 60 lina ujazo wa lita 19 hivi. Likipanuliwa hadi sentimeta 40, ujazo hufika lita 75, na nafasi yote inayobaki pembeni mwa nguzo itabidi ijazwe kwa zege au udongo wa kushindilia.

Zana ya lazima ni mtaimbo, hata kwa mwenye mashine. Chagua wenye urefu wa mita moja na nusu au zaidi, mzito kiasi cha kuuinua bila kuchoka mapema, kwa kuwa uzito wake ndio unaovunja ardhi, na uwe na ncha bapa upande mmoja ya kukatia mizizi na kuchongea kingo. Kwenye mawe ya matumbawe ya pwani, mtaimbo hufanya karibu kazi yote. Udongo uliovunjwa huweza kutolewa kwa kopo, lakini ni bora kuwa na kifaa chenye mabeleshi mawili madogo yanayotazamana, ambacho hubana udongo mipini yake inapotanuliwa. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza. Shimo likizidi kina cha sentimeta 80 hivi, mipini hiyo huanza kugonga kingo.

Keekee ya udongo, yaani chombo chenye ncha ya msokoto cha kutobolea ardhi, ile ya kuzungushwa kwa mkono, hupendeza kwenye udongo wa tifutifu wenye unyevu kiasi. Mchanga mkavu humwagika kutoka kwayo, na jiwe moja tu huisimamisha.

Keekee ya injini ya petroli huokoa muda mwingi mashimo yakiwa mamia na ardhi ikiwa haina mawe. Hatari yake ni kwamba ncha ikinaswa na mzizi, mashine yenyewe huzunguka na kumtegua mtu mikono, ndiyo maana ile ya kushikwa na watu wawili ni salama zaidi kwa mashimo mapana. Inyanyue mara kwa mara kutoa udongo, vaa nguo zisizopwaya, na hakikisha hakuna bomba la maji wala waya wa umeme chini. Katika mfinyanzi wenye maji, keekee huzifanya kingo za shimo kuwa nyororo na telezi, nazo zikwaruzwe kwa panga kabla ya kujaza. Mfinyanzi mweusi ni mgumu kama tofali wakati wa kiangazi na hunata vibaya wakati wa masika, kwa hiyo uchimbwe siku chache baada ya mvua, au mashimo yaliyoanzishwa yamwagiwe maji usiku wa kuamkia kazi.

Keekee ya kufungwa kwenye trekta ifikiriwe pale tu trekta linapoweza kupita mstari mzima wa uzio. Hata hapo, bakiza mtaimbo na mtu wa kuutumia: upande wake butu ndio utakaoshindilia udongo kuzunguka nguzo, tabaka baada ya tabaka, kila moja lisizidi sentimeta 15.