Joka lako linataka nini? Namna ya kuyapa majoka tabia kwenye Dungeons & Dragons

Kama unaendesha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambapo msimamizi anasimulia hadithi, wachezaji wanaigiza wahusika na kete zinaamua) hili utakuwa umeshaliona: wachezaji wanapigana na joka jekundu, baada ya muda wanakutana na la kijani, ukiwauliza tofauti yake nini wanakwambia lile lilitema moto hili limetema sumu, basi. Yani ni joka moja limepakwa rangi mara mbili. Kwa kweli inauma, sababu majoka yako kwenye jina la gemu tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoitoa 1974, na mchezaji anayekaa mezani ana haki ya kukutana na joka atakalolikumbuka kwa jina.

Rangi isikudanganye lakini pia usiitupe, ni pa kuanzia. Jekundu lina majivuno na tamaa, la kijani linapenda kuchezea akili za watu, jeusi linafurahia kuona miji ikiwa magofu, jeupe halina maneno mengi ila kinyongo linakijua. Upande wa pili, wa majoka mema, kuna la fedha linalojigeuza binadamu likaishi na watu miaka, na la shaba linalopenda utani na vitendawili. Sasa hizo ni tabia za ukoo mzima, na wewe unamtaka mmoja ndani ya ukoo.

Swali langu mimi ni moja tu kila nikitengeneza joka: linataka kitu gani ambacho haliwezi kukichukua kwa nguvu? Angalia, joka jekundu zima, yaani lililokomaa, kwenye toleo la tano la kanuni za gemu la 2014 lina pointi za uhai 256 na likitema moto unarusha kete 18 za pande sita kuhesabu madhara, yani dhahabu, ng'ombe, ngome, vyote linachukua likitaka. Kwa hiyo ukisema linapenda dhahabu hujaniambia kitu. Niambie linataka kusamehewa na mtu fulani, au linataka yai lake lililoibiwa na halijui liko wapi, au linataka kujua mwisho wa hadithi ambayo msimuliaji wake lilimuua lenyewe, hapo ndo tunaanza kuongea.

Mfano, chukua la kijani, tuliite Ossavra. Alama yake ya akili kwenye gemu ni 18, yani ni mjanja sana, anajua akidanganywa, na kila anayefika mbele yake anadanganya kwa sababu ya woga. Anachotaka ni mtu wa kumwambia ukweli. Basi wachezaji wanaingia, mwimbaji wa kundi anaanza "ewe malkia wa msitu mwenye harufu ya maua", Ossavra anapiga miayo, anamgeukia mpiganaji aliyekaa kimya pembeni, anamuuliza taratibu, "Na wewe? Nanuka?" Na kweli ananuka, majoka ya kijani yananuka klorini, macho ya wote yanawasha. Hapo usiwaambie warushe kete kuona kama wamemshawishi haraka haraka, kaa kimya, mwache mchezaji ahangaike na jibu. Akisema "ndio, unanuka" amefungua mlango ambao kete ya yule mwimbaji hata ikitua kwenye 20, namba ya juu kabisa, isingeufungua, na akisifia basi Ossavra amemaliza mazungumzo.

Umri nao watu wanauruka sana. Kwenye toleo hilohilo joka changa ni la miaka 6 mpaka 100, zima linaenda mpaka 800, zaidi ya hapo ni la kale. La miaka 850 linaweza kuwadai wachezaji deni la babu wa babu yao na halioni ajabu, na likisema "nitarudi baada ya muda kidogo" linamaanisha miaka 30. Na kama mnacheza kwa Kiswahili mna silaha nzuri hapa, salamu. La kale linakaa kimya mpaka liamkiwe shikamoo na wote, mmoja mmoja, ndo linaitikia marahaba na kuendelea. Changa la miaka 40 lililopata pango lake la kwanza juzi linalazimisha shikamoo kutoka kwa elfi (kiumbe wa hadithi anayeishi miaka mingi) wa miaka 300. Wachezaji watajua wako na nani kabla hujaeleza chochote.

Sauti usihangaike nayo, sauti nzito kila joka inachosha na koo linauma. Chagua tabia moja ya kuongea, mfano hili haliulizi swali hata siku moja, lile linajibu kila kitu kwa swali, inatosha.

Halafu kuna mapigano, na hapa ndo tabia nyingi zinapokufa, sababu tukishasema rusheni kete kila joka linakuwa la kuuma na kutema. Amua mapema vitu viwili: pumzi ya kwanza, ule moto au sumu, inampiga nani, na linaondoka lini. Jeupe linamfuata aliyeliumiza mwisho hata kama kumfuata ni ujinga. Jekundu lenye majivuno halikimbii likiwa na pointi 100, ila likiona watumishi wake wanalitazama likishindwa linaweza kuwaua wao kwanza. La kijani likifika nusu ya pointi zake linaanza biashara, linaongea huku linapigana, na ikishindikana linaruka, lina mwendo wa futi 80 angani, nyie mna miguu. Hata zile hatua tatu za ziada ambazo kanuni zinalipa joka zima kati ya zamu za wachezaji zitumie kitabia: joka lenye shaka linatumia moja kuchunguza nani kajificha wapi, badala ya kupiga mkia tu.

Haya yote yanaenea kwenye kikaratasi kimoja, linataka nini, linaongeaje, linampiga nani kwanza, linaondoka lini. Likitoroka likiwa hai ongeza mstari chini yake usiku huohuo, nani ndani ya kundi limemkumbuka na kwa lipi, kabla hujasahau.