Taa za behewa zikichezacheza, anza chini kwenye magurudumu

Watu wengi wanaoniletea behewa la treni ya mfano lenye taa mbovu huwa wameshafungua paa. Wamezigusa balbu, pengine wamekata waya na kuunga upya. Mimi nikilipokea naligeuza juu chini kwanza. Kwenye treni hizi umeme hutoka kwenye reli, ukapanda gurudumuni, ukapita kwenye ekseli au kwenye kibati chembamba kinachoigusa, ndipo ukafuata waya hadi darini. Gurudumu likichafuka, likipinda, au likiinuka hata unene wa karatasi, taa ndiyo inayolalamika kwanza. Ndiyo maana taa na magurudumu nayahesabu kuwa ugonjwa mmoja mpaka mita ya kupimia umeme iniambie vingine.

Kazi yangu ni kutengeneza simu hapa Kampala. Nimekulia Nsambya kwenye nyumba za reli, na marehemu baba alikuwa fundi wa mabehewa ya kweli kule karakana ya Nalukolongo. Yeye alikuwa hasogei kwenye behewa kabla hajaangalia magurudumu, na kanuni hiyo haibadiliki behewa likiwa na urefu wa mkono. Vifaa ninavyotumia ni vile vile vya simu: mita, bisibisi ndogo, kibano, kalipa (kifaa cha kupimia unene na upana mdogo), chuma cha kulehemu na spiriti.

Kwanza ujue behewa limetoka wapi

Mabehewa yanayofika huku hutoka kila upande: zawadi ya mjomba aliyeko Uingereza, sanduku la mtu aliyerudi kutoka Ujerumani, mitumba. Yale ya Hornby ya Uingereza ni ya kipimo cha 1:76, yaani dogo mara 76 kuliko la kweli, ya kipimo kiitwacho HO ni 1:87, lakini yote mawili hutembea kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5. Ya kipimo kiitwacho N kwa kawaida ni 1:160 kwenye reli ya milimita 9, na kuyafanyia kazi kunahitaji macho mazuri na subira zaidi.

Angalia sana kama ni behewa la HO la Märklin, kampuni ya Ujerumani. Mfumo wao wa asili huchukua umeme kwenye vinundu vilivyo katikati ya njia, na reli zote mbili hutumika kurudishia umeme. Kwa hiyo magurudumu yao hayajakingwa: umeme unapita kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia bila kizuizi. Liweke kwenye njia ya kawaida ya reli mbili na papo hapo unapiga shoti. Behewa ni zima kabisa. Linataka tu kubadilishiwa ekseli. Nimeona watu wakiyatupa mabehewa mazuri ya namna hiyo, na inaniuma.

Na kabla hujachomeka transfoma iliyotoka Marekani, soma maandishi ya nyuma. Kwao ni volti 120, kwetu ni 240. Ikiwa haijaandikwa kwamba inakubali zote mbili, usijaribu.

Mambo mawili watu huyaita ubovu nayo si ubovu. Kwenye mfumo wa kawaida wa DC (umeme wa mkondo mmoja), kasi ya treni inatokana na volti zilizoko relini, kwa hiyo treni ikipunguza mwendo taa zinafifia, ikisimama zinazima. Ndivyo ilivyo. Na LED iliyofungwa bila daraja la dayodi (dayodi nne zinazoelekeza umeme upande mmoja daima) itawaka treni ikienda mbele na kuzima ikirudi nyuma, kwa sababu umeme umegeuzwa na LED hupitisha upande mmoja tu. Kwenye DCC, mfumo wa kuendesha treni kidijitali, reli zina umeme muda wote, hivyo taa zikizima wakati treni imesimama hapo una tatizo la kweli.

Ukiliweka tu, treni nzima inazima

Hii ni shoti, na mara nyingi sababu yake ni ndogo mno. Shika ekseli moja uitazame karibu. Kwenye magurudumu ya chuma, gurudumu moja limekaa moja kwa moja juu ya ekseli, na la pili limetenganishwa nayo kwa kijipete cha plastiki, mara nyingi cheusi, kinachozuia umeme. Kwenye bogi moja, yaani kigari cha chini kinachobeba ekseli, ekseli zote lazima ziwe zimeelekea upande mmoja, vijipete vyote kushoto au vyote kulia. Mtu akizitoa kuzisafisha na kuirudisha moja kinyume, ekseli na bogi vinageuka kuwa daraja kati ya reli mbili.

Usikisie. Weka mita kwenye mlio. Gusa gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli ile ile: ikilia, kijipete kimekufa au gurudumu limesukumwa mpaka likagusa ekseli. Isipolia, gusa kila gurudumu na kibati cha bogi yake. Kwenye bogi nzima ni upande mmoja tu unaopaswa kulia. Ekseli inayolia upande wa wenzake wasiolia ndiyo iliyogeuzwa. Itoe, igeuze, irudishe.

Katika mabehewa mengi bogi ya mbele huchukua umeme wa reli moja na ya nyuma wa reli ya pili. Hivyo hata bogi zikiwa sawa, moja ikizungushwa, zote mbili zinaweza kuchukua reli moja: hakuna shoti, hakuna taa, na mwenye behewa anaanza kulaumu balbu.

Uchafu

Tuseme hakuna shoti, taa zinawaka ila zinachezacheza. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kichovye kwenye spiriti, ukishikilie dhidi ya gurudumu huku ukilizungusha kwa kidole. Kitatoka kikiwa cheusi tii. Kwenye uso wa gurudumu, pale panapogusa reli, kuna utepe mwembamba mweusi unaonata, mchanganyiko wa mafuta, vumbi na kutu ya chuma laini isiyoonekana kwa jicho. Kampala vumbi letu jekundu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na unyevu wa ziwa unalisaidia kushika. Rudia kwa kijiti kingine mpaka kitoke kikiwa cheupe.

Spiriti nayo ina maneno. Ile ya duka la dawa ya kupakwa kwenye ngozi, aina nyingine hutiwa mafuta kidogo ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yatabaki juu ya gurudumu. Dondosha tone moja kwenye kioo safi, liache likauke. Likiacha ukungu, hiyo ni ya vidonda. Mimi hutumia isopropili, ile mafundi simu wanayosafishia bodi. Muulize fundi yeyote wa simu wapi anainunua. Iweke mbali na chuma cha kulehemu kilicho moto, na ijaribu kwanza mahali pasipoonekana kabla haijagusa rangi ya behewa.

Usitumie msasa kwenye uso wa gurudumu, hata ule laini. Utang'aa siku ya kwanza, lakini michirizi uliyoacha itashika uchafu mwingi kuliko awali. Magurudumu ya plastiki hayapitishi umeme na huvuta uchafu na kuusambaza kwenye njia nzima. Ukiweza, yaondoe yote uweke ya chuma. Ila pima urefu wa ekseli ya zamani kutoka ncha hadi ncha kabla ya kuagiza. Ikiwa ndefu kwa nusu milimita tu itabana kwenye bogi na kugoma kuzunguka. Ikiwa fupi italegea na kuyumba.

Safisha reli siku hiyo hiyo. Gurudumu safi kwenye reli chafu halimalizi hata jioni moja.

Vibati na nyaya

Baada ya usafi, ukiona taa bado zinacheza, tazama vibati vinavyochukua umeme kwenye ekseli au nyuma ya gurudumu. Vinapaswa kugusa kwa upole. Vikiwa mbali, umeme unakatika. Vikikandamiza, vinageuka breki na gurudumu linaburuzwa badala ya kuzunguka. Pinda kidogo kidogo kwa kibano, kisha pulizia gurudumu. Likizunguka kwa pumzi na mita bado inalia, hapo hapo ndipo. Kibati kilichovunjika hutengenezwa upya kwa springi ya rilei mbovu. Ile shaba yake ina msukumo wa kurudi, ambao waya wa kawaida wa shaba hauna.

Sasa nifike mahali ambapo taa na magurudumu hukutana hasa. Mtoto wa dada yangu alileta behewa refu lililokuwa likiacha reli kila mara kwenye kona ya kushoto, kamwe si ya kulia, na taa zilizima nukta moja kabla halijaanguka. Magurudumu yalikuwa safi, vipimo sawa. Nililiweka kwenye kipande cha njia kilichopinda, nikainamisha kichwa mpaka jicho likawa usawa wa reli, nikalisukuma taratibu kwa kidole. Bogi ilipogeuka kushoto, waya mnene mwekundu unaopanda kutoka kwenye bogi ulikaza, ukalivuta gurudumu la mbele juu kama uzi wa tiara. Mwanga ulionekana kati ya gurudumu na reli. Hilo ndilo lililozima taa, na hilo ndilo lililotoa behewa njiani. Nilitoa waya ule, nikaweka mwembamba wenye nyuzi nyingi, kutoka kwenye waya wa spika ya masikioni, nikauachia mzunguko mmoja wa ziada karibu na tundu la kati la bogi. Waya wa spika ya masikioni umepakwa rangi inayozuia umeme. Ichome kwanza kwa ncha ya chuma chenye lehemu mpaka lehemu ishike.

Kwa hiyo kila unapofunga nyaya, geuza bogi kushoto kabisa na kulia kabisa. Ikirudi yenyewe kama springi, waya ni mgumu au ni mfupi.

Likiendelea kuacha reli

Chukua kalipa upime nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa HO inatakiwa iwe takriban milimita 14.4. Yakikaribiana sana au kuachana sana, behewa linapita vizuri kwenye njia nyoofu lakini linapanda juu ya pointi, pale njia inapogawanyika. Kurekebisha, shika gurudumu moja kila mkono, zungusha huku ukivuta au ukisukuma polepole. Usiingize bisibisi katikati kubanjua, utalipinda gurudumu na halitanyooka tena. Kisha pima sehemu tatu za mzunguko. Vipimo vikitofautiana gurudumu limekaa upande.

Weka bogi juu ya kioo: magurudumu yote manne yaguse. Kisha angalia skrubu zinazoshika bogi. Ninapenda moja iwe imekazwa kiasi cha kugeuka tu bila kuyumba, na ya pili ilegezwe kidogo iweze kuinama kushoto na kulia ikifuata njia. Zote mbili zikikazwa, behewa linakuwa gumu kama meza, na meza kwenye sakafu isiyo sawa lazima mguu mmoja uning'inie.

Uzito nao ni muhimu. Mwongozo wa NMRA, chama cha Marekani cha wapenda treni za mfano, kwa HO ni gramu 28 na nyongeza ya gramu 14 kwa kila sentimita 2.5 za urefu, yaani behewa la sentimita 25 linafika gramu 170 hivi. Lililo jepesi, libandikie nati chini ya viti, katikati ya behewa na karibu na sakafu, mbali na nyaya.

Ncha za ekseli zikilia au kukwama, saga risasi ya penseli laini uipake kwenye vishimo. Mafuta ya cherehani yanateleza vizuri wiki ya kwanza, kisha yanakusanya vumbi.

Darini

Sasa fungua paa, kwa kadi ya zamani ya benki na si kwa bisibisi, ukitafuta vishikizo kuanzia mwisho mmoja. Jaribu taa zenyewe kwa adapta ya volti 12 ya ruta. Zikiwaka bila kuchezacheza, rudi chini, tatizo bado liko magurudumuni. Balbu za zamani hula umeme mwingi na hupasha paa joto mpaka plastiki ikapinda, hasa kwenye DCC yenye volti 14 hadi 16. Mimi huziondoa zote.

Utepe wa LED wa volti 12, ule vijana wa bodaboda wanaopambia pikipiki, unafaa sana. Hukatwa kila baada ya taa tatu, penye alama. Chagua rangi ya manjano hafifu. Nyeupe kali inafanya behewa lionekane chumba cha upasuaji. Reli zipeleke kwanza kwenye daraja la dayodi nne, 1N4007 zinatosha, ili treni ikirudi nyuma taa zisizime. Kati ya daraja na utepe weka rezista ya kilo-omu 1; mwanga ukiwa mdogo punguza. Kabla ya rezista hiyo, kati ya chanya na hasi ya daraja, weka kapasita ya mikrofaradi 470 ya volti 25 au zaidi, ikiwa na rezista yake ya omu 100 kwa mfuatano ili mabehewa mengi yakiwashwa pamoja yasiiangushe kontroli ya DCC. Kapasita hiyo hushikilia mwanga wakati gurudumu linapita mahali pachafu. Mstari wa hasi uende hasi. Ukiigeuza inaweza kupasuka usoni kwako.

Lakini usiiweke kapasita kuficha magurudumu machafu. Taa zitatulia kwa muda, uchafu utaendelea kuongezeka, na injini ndiyo itakayoanza kukwama.

Kabla ya kufunga paa hakikisha hakuna waya uliobanwa kwenye vishikizo. Kisha lisukume behewa kinyumenyume kupitia pointi zote, polepole kuliko treni itakavyowahi kwenda, chumba kikiwa na giza. Gurudumu lililobaki na kasoro litaonekana kwenye taa kabla halijaonekana kwenye reli.